Mtu Aliyetufundisha Kurudi Nyuma

Nilifika Butembo kwa miguu, isipokuwa kipande cha mwisho. Tulitoka Kisangani, mama na mimi, baba akiwa amekwisha kufa kwa homa na majeshi yakiwa yameanza kupigana mtaa kwa mtaa. Mama alizaliwa Butembo, na kichwani mwake hapakuwa na mahali pengine pa kwenda. Barabara ya msituni ilikuwa imeoza siku nyingi. Magari hayakupita, zilipita baiskeli, nazo hazikupandwa bali zilisukumwa, kila moja na madumu yake ya mawese au magunia ya chumvi, na fimbo imefungwa kwenye usukani ili mwenye kusukuma aishike akiwa pembeni. Tulijiunga na wasukumaji hao. Penye matope nilisukuma kwa nyuma, na jioni walitugawia muhogo wao. Bafwasende, Nia-Nia, Epulu, Mambasa: kwangu hadi leo hayo ni majina ya malengelenge.

Mama alitembea akisali. Mimi niliipenda safari. Nilikuwa na miaka kumi na sita, na kila asubuhi niliamka kabla ya wote kuuliza leo tunalala wapi. Mzee mmoja wa baiskeli alimwambia mama kwamba mtoto huyu akishafika hatajua la kufanya. Hakukosea sana. Nimeishi katika miji mingi tangu hapo, na kila mmoja nimeuacha.

Beni tulipata lori la kahawa. Tulipopita Kalunguta lilianza kupanda, likazunguka, likapanda tena, na nikaona kwa mara ya kwanza nchi iliyoinama. Kwetu Kisangani ukiweka mpira chini, unakaa. Butembo ukiuweka mbele ya mlango wa mjomba, utaufuata mpaka mtoni.

Haikupita wiki mama alinishika mkono, mimi mrefu kuliko yeye, akanipeleka kwa jirani mmoja aliyekuwa akipanga mbao nyuma ya nyumba yake.

"Papa Kochi," alisema, "huyu mutoto hakai. Kila lori ya basoda ikipita na bunduki, anasimama. Minaogopa siku moja atapanda."

Yule mtu hakuniangalia usoni. Aliangalia miguu yangu, ambayo vidonda vyake vilikuwa havijapona.

"Alitembea toka wapi?"

"Kisangani."

"Basi kwenda mbele anajua," alisema. "Siye tutamufundisha kurudi nyuma."

Huyo ndiye ninayetaka kumweleza. Jina lake nalijua, lakini hakuna aliyelitumia. Mke wake alimwita Kochi, padri alimwita Kochi, na hata askari wa kizuizi cha barabarani walipotaka kitu kutoka kwake walisema Kochi. Alikuwa mfupi, mpana wa mabega, na shingo yake ilikuwa imelala kidogo upande mmoja kwa sababu ya kazi. Kazi yake ilikuwa kushusha mbao za mikaratusi kutoka kwa wapasuaji wa magogo mlimani hadi sokoni, kwa chukudu, ile baiskeli nzito ya mbao isiyo na pedali. Jioni alifundisha mpira vijana wa mtaa wetu.

Hakufundisha kufunga magoli. Hakufundisha pasi ndefu wala kona, na penalti ikipigwa aligeuza mgongo. Alifundisha jambo moja. Mtu anakuja na mpira, na wewe uko peke yako mbele yake. Utafanya nini? Jibu lake lilichukua miaka.

Mazoezi yalikuwa katikati ya safu mbili za matofali mabichi yaliyoanikwa, njia nyembamba ambayo watu wawili walipishana kwa shida. Mwenye matofali alikuwa rafiki yake, na sharti lilikuwa kwamba anayeangusha tofali anafinyanga lingine. Mshambuliaji alianzia mwisho mmoja, beki akaja kumpokea. Ulimkimbilia upesi, kisha kabla ya kumfikia ulivunja mwendo: hatua fupi fupi, magoti yamelegea, bega moja mbele kama mtu anayepita mlango mdogo, ukaanza kurudi nyuma pamoja naye. Wiki za kwanza hukuruhusiwa kuugusa mpira. Ulirudi tu, kwa umbali wa mkono mmoja, mpaka yeye mwenyewe akose subira na kuusukuma mpira mbali na mguu wake. Mikono yetu aliifunga nyuma kwa ukambaa wa mgomba. Alisema mikono ni wezi, ukiiacha itashika jezi ya mtu.

"Macho ku balle," alikuwa akirudia. "Hapana ku uso. Uso inaongopa. Kiuno inaongopa kidogo. Balle haijue kuongopa."

Na tukimuuliza mpira tutaunyang'anya lini, alisema: "Kazi yako hapana kukamata balle. Kazi yako ni kumuchelewesha. Ukimuchelewesha, bandugu bako batafika."

Kosa kubwa kwake lilikuwa kujitupa chini. Aliliita kulala. Rafiki yangu Kakule, mtoto wa nyumba ya pili kutoka kwetu, alilala kuliko sote. Mpira ukimkaribia tu, alijirusha kwa miguu yote miwili, akabaki vumbini wakati mwenzake amekwisha pita.

"Kakule," Kochi alisema bila kupandisha sauti, "kitanda iko kwenu. Hapa ni tereni ya mupira."

"Kochi, nilikuwa karibu kuigusa."

"Umegusa matofali. Simama, uende kufinyanga."

Filimbi yake ilikuwa imepoteza ile punje ya ndani. Ikipulizwa ilitoa pumzi tu, kama mtu anayepoza chai. Wageni hawakuisikia kabisa. Sisi tuliisikia hata ng'ambo ya uwanja, na nadhani hakutaka kununua nyingine kwa sababu hiyo: filimbi iliyo kali humfanya mtu asitege sikio.

Mtu huyo wa kungoja hakujua kungoja kitu kingine chochote. Maharagwe aliyala yakiwa na ugumu. Misa aliisikiliza akiwa benchi la mbele, rozari mkononi, lakini padri alipoinua mkono kutoa baraka ya mwisho Kochi alikuwa amekwisha fika mlangoni. Na chukudu aliiendesha kwa wazimu. Breki ya chukudu ni kipande cha mpira wa gari unachokikanyaga ili kibane gurudumu la nyuma, na watu wenye akili hukikanyaga tangu juu. Yeye alipiga goti kwenye mbao, akaiachia kuanzia juu ya kilima, mbao zikigongana, akinamama wakiruka mtaroni na mabeseni yao.

"Kochi, utavunjika," walimwambia.

"Mulima iko inanisukuma, mi nifanye nini?"

Mke wake alikuwa na maelezo yake. "Ule anajua kungoja mutu moja tu," alituambia, "mwenye balle. Siye bengine tufe."

Jambo jingine ambalo lilinishangaza: aliwapenda watu wa chenga kuliko mabeki. Sisi alitusahihisha, wao aliwaangalia akitabasamu. Winga wa timu pinzani aliyetusumbua alimkuta Kochi akimngoja nje ya uwanja na kipande cha muwa. Mmoja wao alipougua, Kochi alivuka mji kwenda kumtazama. Kakule alimuuliza kwa nini anampelekea miwa adui.

"Bila yeye, weye ungefanya nini?" alisema. "Ungesimama ku tereni ka mti ya umeme."

Winga wetu mwenyewe wa kushoto alikuwa wa namna hiyo, mwepesi, mcheshi, mtu wa kukuchekesha huku akikupita. Mwaka wangu wa pili pale alitoroka akaenda kwa wapiganaji wa mlimani. Wengi walikuwa wakienda. Wengine kwa hasira, wengine kwa njaa, wengine kwa sababu mwenzao alikwenda. Kochi aliposikia aliacha chukudu njiani na mzigo wake, akapanda mlima mchana uleule. Alifika kwenye kambi yao akipiga kelele, akamwita mkubwa wao mwizi wa watoto mbele ya watu wake. Walimpiga. Alirudi bila meno mawili ya mbele, na winga hakurudi.

Tulikwenda kumwona. Alikuwa amekaa juu ya matofali, kitambaa mdomoni.

"Nililala," alisema. Alisema vile tu, kama anavyosema kuhusu beki. "Niliingia na miguu yote mibili. Hapana kunisikitikia. Mutu mwenye kulala anapitwa."

Hakulizungumzia tena. Lakini tangu siku hiyo nilimwona mara nyingi akinitazama lori la askari linapopita, na mimi nikisimama kama kawaida yangu.

Uwanja wetu ulikuwa juu ya mtaa, chini ya mikaratusi, nao uliinama kama kila kitu cha Butembo. Mstari mmoja wa pembeni ulikuwa juu, mwingine chini karibu na mfereji. Wengine waliona ni kilema. Kochi alijenga elimu yake yote juu yake. Winga akikujia, usimzuie; mwachie nafasi ndogo upande wa juu, ufunge upande wa chini kwa mwili wako. Ataona nafasi, ataifuata. Akipanda, mguu unachoka na mpira unataka kurudi kwako wenyewe.

"Mupeleke ku mulima," ndiyo yalikuwa maneno yake kabla ya kila mechi, na mara nyingi hakuongeza mengine. "Upande ya chini, hata mama yako asipite."

Kwa elimu hiyo timu za mtaani zilishindwa nasi moja baada ya nyingine, na hatimaye tukaalikwa Beni. Tulikwenda juu ya magunia ya lori la kahawa, tukiimba. Uwanja wa Beni ulikuwa sawa kama meza. Winga wao alikuja upande wangu, nikamfungia ndani, nikamwachia nje, nikamtuma kwenye mlima. Mlima haukuwapo. Alikimbia moja kwa moja, akakata krosi, goli. Kipindi kizima tulifanya hivyo. Kila mmoja wetu alimsindikiza mtu wake kwa adabu hadi mahali ambapo Butembo pangekuwa na mlima, na kila mmoja aliachwa. Mashabiki wa Beni walituuliza kama tumelipwa.

Lori la kurudi lilikuwa limeanza kupanda. Kochi alikuwa akitafuna muwa kwa meno ya pembeni.

"Boyoma," aliniita. Ndivyo alivyoniita, kwa jina jingine la Kisangani, mji wangu. "Weye mutoto ya kwenye iko plat, bila mulima. Hukuona kama iko plat?"

"Niliona, Kochi."

"Juu ya nini hukusema?"

"Ulisema tubapeleke ku mulima."

Alianza kucheka, akacheka mpaka akatema muwa, na lori zima likacheka naye.

"Ni miye," alisema akijifuta macho. "Nilisahau kama dunia iko na pahali plat."

Beni wangekuja kwetu kurudiana baada ya majira ya mvua, na Kochi hakutaka kuwapiga kwa mlima. Alitaka kuwapiga pasipo na mlima. Butembo palikuwa na mahali pamoja tu pa namna hiyo: Rughenda, penye kiwanja cha ndege. Kiwanja kilikuwa mikononi mwa askari. Alikwenda akawaomba, wakamruhusu kutumia majani ya pembeni siku ambazo ndege haiji. Ndivyo alivyonipeleka yeye mwenyewe, kwa mguu wake, mahali ambapo mama alikuwa akiogopa nifike, kwenye malori ya askari.

Askari walikuwa wametoka mbali, wengi wa Équateur na Kasai, wakipiga muziki wa Kinshasa kwenye redio ndogo. Mkubwa wao pale alikuwa luteni kijana, mtu mzuri wa sura na wa maneno, aliyewahi kucheza winga kwao. Alivua buti akajiunga na mazoezi. Siku ya kwanza alinipita. Siku ya pili hakunipita. Siku ya tatu aliniweka mkono begani.

"Petit, yo, uko na makolo ya soda," alisema, akinionyesha miguu. "Huchoki. Kuya na siye. Lori zikipata mafuta tunaenda Bunia, Isiro, pengine Gbadolite. Utaona mboka yote, inchi muzima. Unataka kuzeeka hapa, unarudi nyuma tu mu matofali?"

Nilitaka. Sitafuti njia ya kulisema kwa uzuri. Sikutaka vita, lakini nilitaka lori, na majina yale ya miji. Nilimwambia nitakwenda. Kakule alilisikia, akampelekea Kochi habari kabla jua halijazama.

Kesho yake nilikwenda Rughenda nikingoja kelele. Kochi alimsalimia luteni kwa mikono miwili.

"Chef, nimesikia habari. Ni muzuri. Huyu mutoto anapenda kutembea tangu zamani."

Luteni alikuwa amejiandaa kwa ugomvi. Alimtazama. "Unakubali, vieux?"

"Mi hapana kukataza mutu. Lakini minaomba kitu kidogo. Beni banakuya. Boyoma akienda, upande ya kuume iko wazi kabisa. Afundishe kwanza mutu ya kukamata place yake. Siku ule mutu anajua, Boyoma iko wako."

"Na kama simungoji?"

"Chef, weye ulicheza. Mutu mwenye kuacha ekipe yake uchi, kesho ataacha jeshi yako vilevile. Ao si vile?"

Luteni alicheka, akakubali. Kwa mchezaji hilo lilikuwa neno la haki, na mafuta yalikuwa hayajafika. Kochi akanigeukia.

"Utamufundisha Kakule."

Sikupinga. Nilikuwa na kiburi cha kazi yangu, na nilidhani wiki mbili zinatosha.

Nilimpeleka Kakule kwenye njia ya matofali kila jioni. Nilimfunga mikono kwa ukambaa. Nilimwonyesha hatua fupi, bega, umbali wa mkono. Nilijisikia nikisema maneno ya Kochi kwa sauti ya Kochi: macho ku balle, hapana kuingia, ngoja. Alirudi vizuri hatua chache, nikaanza kufurahi, halafu nilipoutikisa mpira kidogo alijirusha, akalala.

"Kakule, juu ya nini?"

"Niliona ka vile nitaifikia."

"Hutaifikia. Hujawahi kuifikia tangu uzaliwe."

"Basi tuanze tena, ndugu yangu."

Tulianza tena. Mvua iliharibu matofali tukafinyanga mengine. Kochi alikuwa akija, anakaa, anatafuna muwa, anapuliza ile filimbi yake ya pumzi, anasema "Tena," anaondoka. Luteni alikuwa akiuliza Rughenda, "Ule mutu yako alishajua?" na Kochi alimjibu, "Bado kidogo, chef. Wiki hii iko muzuri kuliko ile ingine." Mazoezi yakianza, luteni alisahau. Alipokumbuka, Kochi alimwomba amwonyeshe Kakule namna winga anavyofikiri, na luteni akatumia jioni nzima kumpita Kakule kwa furaha yake mwenyewe.

Siku moja ndege ilishuka na mapipa. Asubuhi iliyofuata nilifunga nguo zangu ndani ya mfuko, nikaenda kwenye matofali mapema. Kochi alikuwapo.

"Mafuta imefika," nilimwambia.

"Nimesikia. Kakule akikusimamisha mara moja, moja tu, uende. Miye mwenyewe nitakubebea mufuko."

Nilichukua mpira nikamwendea Kakule polepole, nikitaka anisimamishe, nikimpa kila msaada. Alilala. Tulianza tena, akalala. Kisha tuliyasikia malori yakibadilisha gia kwenye mpando wa barabara kuu, moja, halafu lingine. Kutoka pale hadi barabarani si mbali. Niliutazama mfuko wangu juu ya matofali. Nilimtazama Kakule, vumbi jekundu hadi kwenye kope, akinitazama kwa macho ambayo sikuyaelewa.

Filimbi ilipumua. "Tena," alisema Kochi.

Nilikuwa nimetoa neno langu mbele ya luteni. Na zaidi ya hilo, nilikuwa mwalimu wa Kakule, na mwanafunzi wangu alikuwa chini. Nilimnyooshea mkono. Tulipomaliza, barabara ilikuwa kimya.

Jumapili Beni walikuja. Tulicheza Rughenda, kwenye majani yaliyo sawa. Kochi aliniambia, "Leo unapumuzika," akampanga Kakule upande wangu. Nilikaa pembeni nikiwa na hasira, nikingoja aibu yake. Winga wao, yuleyule, alimjia kwa mara ya kwanza. Kakule alimkimbilia, akavunja mwendo, akageuza bega, akaanza kurudi. Hatua fupi. Umbali wa mkono. Winga alitikisa mwili, Kakule hakutikisika. Winga alisimama, Kakule akasimama. Bandugu bake bakafika. Mchana wote hakulala hata mara moja, na mechi iliisha bila goli, matokeo ambayo Kochi aliyapenda kuliko ushindi.

Nilikwenda kusimama mbele yake.

"Amejua lini?"

Kochi alimenya muwa wake kwanza. "Kakule? Iko siku mingi."

"Siku mingi namna gani?"

"Alishajua mbele ya weye kuanza kumufundisha," alisema. "Nilimuambia aendelee kulala." Kisha akanipa nusu ya muwa, nikaupokea.

Vijana wawili wa mtaa wetu walipanda malori yale. Mmoja alirudi baada ya mwaka, hakutaka kukaa na watu. Mwingine hakurudi. Habari za luteni hatukuzipata, ingawa kila askari wa kutoka Isiro aliyepita kwenye kizuizi Kochi alimuuliza kama anamjua luteni fulani mwenye mguu mzuri wa kushoto.

Mama alianza kuuza samaki wa Kyavinyonge, waliokaushwa na wabichi, akawa na meza yake sokoni. Nilimsaidia, nikamaliza shule, nikacheza, nikafundisha wadogo njia ya matofali. Vita vilipungua, vikageuka vingine vidogo zaidi, na vizuizi vikabadilisha watu. Malori yaliyopita sasa yalikuwa ya wafanyabiashara. Niliendelea kusimama yanapopita, na mama aliacha kuogopa, alisema tu, "Siku ukienda, uende na mchana."

Nilipata nafasi kwenye lori la Kasindi, kuvuka kwenda Uganda. Mama alinibariki sokoni, mikono yake ikinuka samaki. Nikaenda kumuaga Kochi.

Chukudu ilikuwa imemfanyia kile ambacho akinamama walimtabiria. Mguu wake ulikuwa umevunjika pale kwenye kona ya chini, ukaunga vibaya, na sasa alitembelea fimbo. Hakubeba mbao tena. Nilimkuta kwenye njia ya matofali, safu mpya zimeanikwa, akiwa peke yake, kwa sababu ilikuwa asubuhi.

"Unaenda," alisema.

"Ninaenda, Kochi."

"Mama anajua?"

"Amenibariki."

"Na lori haina basoda?"

"Iko na maharagwe tu."

Alifikiri juu ya maharagwe. Kisha akaiweka fimbo vizuri, akalegeza goti la mguu mzima, akatanguliza bega, na akanisimamia katikati ya njia. Nilidhani anatania. Nilipiga hatua, akarudi hatua. Nikaenda, akarudi, fimbo ikitoboa vumbi, macho yake si usoni kwangu bali kwenye mfuko, kwa kuwa mpira haukuwapo. Nilimpiga chenga ya kulia, niliyokuja nayo kutoka Kisangani. Hakuila.

"Ingali ile ile," alisema.

Tulikwenda hivyo njia nzima, mimi mbele, yeye nyuma, bila kugusa tofali hata moja, mpaka matofali yalipoisha na barabara ya mtaa ikaanza, upande wa juu ukielekea uwanja wetu, upande wa chini ukielekea mjini kwenye malori. Pale, kama kawaida, alipaswa kuufunga upande wa chini kwa mwili wake na kuniachia mlima. Nilikuwa nimejiandaa kuzunguka. Alisimama wima. Akaisogeza fimbo, akaupeleka ule mguu mbovu taratibu upande wa mlima, na upande wa chini ukabaki wazi, ule ambao hata mama yangu asingepita.

"Pita, Boyoma," alisema.

Nilipita. Sikujua namna ya kumpa mgongo, kwa hiyo mteremko ule niliushuka kinyumenyume, mfuko begani, hatua fupi fupi, nikimtazama, mpaka kona ilipomficha.